MACHO YA DEREVA NA DAWA ZA KIFUA KIKUU



Mfanya kazi akishikwa na kifua kikuu siku hizi hana sababu ya kukata tamaa. Dawa ziko, na katika hospitali za serikali hapa Kenya hazilipiwi. Kwa ugonjwa wa kawaida ni vidonge vya kila siku kwa miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha 2 kwa miezi 4. Lakini wako wenzetu waziachao njiani, wengine kwa kuwa wamepata nafuu, wengine kwa hofu ya yale wanayoyaona mwilini.

Hofu nyingine ni ya bure. Rifampisini hugeuza mkojo, hata jasho na machozi, kuwa rangi ya chungwa; hiyo si damu. Isoniazidi yaweza kutia ganzi miguuni, ndiyo maana watu hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Bali macho yakiwa manjano, au ukitapika mfululizo, huenda ini linaumia: nenda kliniki siku ile ile, usingoje tarehe yako. Na mwenye kumeza vidonge vya fangasi amwambie daktari, maana rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi yavyo.

Sisi watu wa reli tuna jambo letu zaidi. Ethambutoli, moja ya zile 4, mara chache hudhuru mshipa wa jicho, na mgonjwa huanza kushindwa kupambanua nyekundu na kijani. Kwa mshona viatu ni udhia. Kwa dereva wa gari la moshi ni taa ya ishara! Daktari akiisimamisha mapema, kwa kawaida macho hurudi. Mtu akificha, huenda yasirudi. Na kwa nini afiche? Kwa sababu aogopa kuteremshwa kwenye injini na kupoteza posho ya safari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mgonjwa, baada ya kutumika miezi 2, angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Siku 14 hazifiki mwisho wa ethambutoli.

Basi twadai macho ya kila dereva na mtoa ishara yapimwe kabla ya kuanza dawa hizo na kila mwezi azitumiapo. Akiona tofauti, apewe kazi nyingine kwa mapato yale yale mpaka apone. Makatibu wa matawi walipeleke neno hili kwa wakubwa wao kabla ya mkutano ujao, na majibu yaletwe kwa maandishi.