Sheria ya visodo ilisahau maumivu ya hedhi

MNAMO Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyoilazimu serikali kuwapa visodo bila malipo wasichana wote waliobaleghe katika shule za umma. Awali, mwaka wa 2004, Kenya ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT kwa bidhaa hiyo. Naye Seneta Maalum Gloria Orwoba alipotakiwa kuondoka ukumbini mwa Seneti Februari 2023 kwa sababu ya doa jekundu kwenye suruali yake, nchi nzima ilizungumzia hedhi.

Hata hivyo, yote hayo yalihusu damu. Kuhusu maumivu sheria ni bubu, na msichana anayejikunyata darasani akishika tumbo bado huambiwa avumilie, eti akizaa yatakwisha.

Maumivu haya si ulegevu wala kudeka. Wakati wa hedhi, utando wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huikaza misuli ya mfuko huo na kupunguza damu inayoifikia. Tembe kama vile ibuprofeni huzipunguza, na wengi hupata nafuu. Lakini mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo hashauriwi kuzimeza, na wapo wanaozimeza kila mwezi bila kuona tofauti.

Kwa hao, ipo njia isiyohitaji dawa. Mashine ijulikanayo kama TENS hutoshea kiganjani na hutumia betri. Nyaya zake huunganishwa na vibandiko vinavyowekwa chini ya kitovu au kiunoni, kisha umeme hafifu hupita kwenye ngozi. Mtumiaji huhisi kama anatekenywa. Maelezo ya jinsi inavyofanya kazi yanatokana na nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka wa 1965, kwamba uti wa mgongo una mfano wa lango: neva za mguso zikichangamshwa, habari za maumivu huzuiwa zisifike zote kwenye ubongo. Mama anayemsugua mtoto aliyejigonga goti hulitumia lango hilo hilo. (Wazo la umeme kama tiba si geni, tabibu Mroma Scribonius Largus, katika karne ya kwanza, aliwatuliza wagonjwa wa kichwa kwa samaki mwenye umeme.)

Je, inafaa kweli? Mwaka wa 2024, mtandao wa wataalamu wa Cochrane ulichapisha tathmini ya majaribio 20 yaliyohusisha wanawake 585. Ilibainika kwamba huenda TENS ikapunguza maumivu ya hedhi kuliko kutotumia chochote, ila uhakika wa ushahidi huo ni mdogo. Wachuuzi wanaoinadi mitandaoni kana kwamba ni muujiza wanapotosha umma. Lakini kuipuuza nako ni kosa, kwani madhara yake ni machache, hasa ngozi kuwasha. Wasiofaa kuitumia bila idhini ya daktari ni wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wenye kifafa na wajawazito.

Jambo la kutia hofu zaidi ni lingine. Mashine hii hutuliza maumivu tu, haiondoi chanzo chake. Maumivu yanayozidi mwaka baada ya mwaka, au yanayokuja hata nje ya siku za hedhi, yanaweza kuwa dalili ya endometriosisi au uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Anayeyanyamazisha kwa umeme bila kupimwa anaweza kuchelewa kugundua ugonjwa.

Ndiyo maana mahali pake pa kuanzia si dukani bali ni mikononi mwa muuguzi. Wataalamu wa tiba ya viungo wamekuwa wakiitumia mashine hii kwa miaka mingi kutuliza maumivu ya mgongo. Katika shule ya bweni, mashine moja inaweza kutumiwa na wasichana wengi kwa zamu, mradi kila mmoja awe na vibandiko vyake. Wizara za Elimu na Afya zinaweza kulijaribu hilo katika shule chache, kisha zihesabu ni vipindi vingapi vya masomo vimeokolewa.