Mfuate Mbunge kwa Daftari

Ukitaka kumjua mbunge wenu, msomaji, usimtazame mazishini. Huko kila mbunge ni mwema. Atafika na msafara wa magari, ataketi mbele pamoja na wazee, atasema maneno ya kuwaliwaza wafiwa, na kabla hajaondoka ataacha bahasha, nao watu watarudi makwao wakisema, "Huyu ndiye kiongozi." Mimi mwenyewe nimehudhuria mazishi mengi ya namna hiyo, wala sioni haya kukiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliosifu.

Siku moja mzee mmoja wa kijiji chetu, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika zamani, alisimama mbele ya watu wote akauliza: "Mheshimiwa, tangu tulipokupeleka Nairobi, umepeleka mswada gani Bungeni?" Lo! Watu walimzomea kana kwamba amemtukana marehemu. Mwenye kuongoza shughuli akamnyang'anya kipaza sauti. Mbunge alicheka kidogo, kisha akasema kwamba yeye ni mtu wa vitendo, si mtu wa makaratasi.

Jibu hilo lilishangiliwa sana, nami nataka kulipinga hapa kwa nguvu zangu zote.

Kwani tulimtuma afanye nini huko? Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 95, yasema Bunge la Taifa huwakilisha watu, hutunga sheria, hugawa fedha za serikali na kuchunguza matumizi yake. Bahasha za mazishini hazimo. Tena kifungu cha 109 champa mbunge yeyote ruhusa ya kuleta mswada. Si lazima awe kiongozi wa chama kikubwa wala rafiki wa Rais. Wabunge wote, bila kumhesabu Spika, ni 349, na kila mmoja wao anao mlango huo. Mwenye kuudharau mlango huo kwa kuuita "makaratasi" ameidharau kazi yenyewe aliyoiomba.

Na tuyatazame hayo makaratasi. Darasa ambalo mbunge hulifungua kwa shangwe, na jina lake likaandikwa ukutani kwa rangi kubwa kuliko jina la shule, mara nyingi limejengwa kwa Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge. Je, hazina hiyo ilitoka wapi? Ilitokana na sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyo ilianza kama mswada wa mbunge mmoja, Muriuki Karue wa Ol Kalou, uliotaka angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali ipelekwe katika maeneo bunge. Hazina hiyo imelaumiwa na kushtakiwa mahakamani tangu siku hizo, nami sisemi haina makosa. Nasema tu kwamba hao "watu wa vitendo" wamekuwa wakipiga picha mbele ya kuta zilizosimamishwa na karatasi ya mtu mwingine.

Au mfikirie Njoki Ndung'u. Yeye alikuwa mbunge wa kuteuliwa; hakuwa na eneo la kugawia sukari wala blanketi. Mwaka 2006 alileta mswada wa makosa ya ngono. Baadhi ya wabunge wanaume waliufanyia mzaha humo humo ukumbini, na vifungu vingine viliondolewa njiani, kimojawapo kikiwa kile cha mume kumbaka mkewe. Hata hivyo mswada ulipita ukawa sheria mwaka huo huo, na kwa sheria hiyo mtu anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa kifungo cha maisha. Ikiwa unaye dada mdogo nyumbani, basi karatasi ile yakuhusu kuliko bahasha zote zilizopata kutolewa tarafani mwenu.

Lakini hapa sharti nikuonye juu ya kosa la pili, ambalo ni la watu waliosoma. Hao husema: Vema, basi tuhesabu miswada, mwenye mingi ndiye bora. Hesabu ya namna hiyo hudanganya. Mbunge mmoja aweza kuleta miswada mitano ya kubadili neno hapa na neno pale, na mwingine akahangaika muhula mzima na mswada mmoja wenye kuokoa watu. Isitoshe, kutaja mswada ni kazi rahisi. Njia yake ndiyo ndefu. Huchapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati inayopaswa kusikiliza maoni ya wananchi, hurudi kujadiliwa unaposomwa mara ya pili, huchambuliwa kifungu kwa kifungu na kamati ya Bunge zima, husomwa mara ya tatu. Mingine lazima ipite Seneti pia. Mwishowe Rais hutia sahihi au huurudisha pamoja na sababu zake. Miswada ya wabunge wasio na cheo hutengewa nafasi yake Jumatano asubuhi, na foleni ni ndefu. Unaogusa fedha hauendelei bila pendekezo la kamati ihusikayo, nayo sharti kwanza izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Na muhula wa Bunge ukiisha mswada haujakamilika, huanguka. Kwa hiyo mtu aweza kuuzunguka mji mzima akijisifu, "Nimeleta mswada," huku anajua kwamba haujasogea hatua tangu siku uliposomwa mara ya kwanza.

Wala kupita si mwisho. Mwaka 2016 Jude Njomo, mbunge wa Kiambu, alifaulu katika jambo ambalo Joe Donde wa Gem alilijaribu mwaka 2000, mabenki yakampinga hata mahakamani. Mswada wa Njomo ulisema riba ya mkopo isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Rais Uhuru Kenyatta aliutia sahihi mwezi wa Agosti mwaka huo. Wakopaji wakashangilia, mabenki nayo yakaanza kuwanyima mikopo wafanyabiashara wadogo. Ilipofika Oktoba 2019 Rais aliurudisha Mswada wa Fedha Bungeni akitaka kikomo hicho cha riba kifutwe. Katiba yaruhusu Bunge kulikataa ombi la Rais, ila ni lazima wapatikane theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Siku ya kuamua, hesabu hiyo haikutimia ukumbini. Kikomo kikafutwa mwezi wa Novemba, kwa nguvu ya viti vitupu.

Sikuambii kikomo kile kilikuwa chema au kibaya; wataalamu wa uchumi wangali wanabishana. Nakuuliza jambo jingine. Mbunge wenu wa wakati huo, aliyekuwa akilalamikia riba kila Jumapili kanisani au kila Ijumaa nje ya msikiti, siku ile alikuwa wapi? Hujui. Wala mimi sikujua habari za wangu, na ujinga huo ndio ulionifanya ninunue daftari.

Nililinunua pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Tuliandika jina la mbunge wetu juu ya ukurasa wa kwanza, kisha tukatafuta miswada yake. Si kazi ya uchawi. Bunge lenyewe huchapisha katika tovuti yake jedwali la kufuatilia miswada, na maneno yote yasemwayo ukumbini huandikwa katika Hansadi. Tulimkuta na mswada mmoja, mzuri kwa kusikia, juu ya mambo ya wakulima. Ulikuwa umesomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwa kamati. Tukamchagua kijana mmoja awe karani wetu. Kila Ijumaa akitazama jedwali na kuandika tarehe na habari. Aliandika, "Hakuna jipya." Ijumaa iliyofuata akaandika, "Hakuna jipya." Muhula wa shule ukaisha, mwingine ukaanza, naye yule kijana, aliyekuwa na mwandiko mzuri, akawa amefikisha maneno hayo mara 22, huku picha za mheshimiwa zikionekana gazetini akikata utepe huku na huku.

Msichana mmoja aliniuliza kama huenda kosa si lake. Lilikuwa swali la haki kabisa: foleni ni ndefu, na kamati zina uvivu wao. Basi tukamwandikia barua ya adabu, tukimwuliza mswada umekwama wapi, na je, yeye amekwenda mbele ya kamati kuutetea? Hatukupata barua ya kutujibu. Badala yake msaidizi wake alimpigia simu mwalimu mkuu akauliza ni nani anayewachochea watoto. Niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwema na mwoga kiasi, aliniambia, "Mwalimu, hawa hawana hata kura. Mbunge wawatakia nini?"

Nilimfungulia kifungu cha 119, kisemacho kwamba kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, ibadilishwe au ifutwe. Kila mtu, wala si kila mpiga kura. Aliisoma Katiba ile mara mbili, akavua miwani, akaniambia nirudi darasani.

Tena liko jambo jingine linalokuhusu wewe uliye shuleni kuliko watu wazima. Kifungu cha 120 chataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Walakini miswada yetu huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mimi hukisoma kwa kidole. Nalilaumu jambo hilo, na ningependa nawe ulilaumu. Lakini maadamu mambo yako hivyo, nyanya yako anayelima majani chai hawezi kujua ni nini kilichoandikwa juu ya majani chai yake asipokuwapo mtu wa kumsomea. Mtu huyo ni wewe. Ukiacha, atasomewa na yule mwenye bahasha.

Anza na mbunge wenu, kisha mwongeze mwakilishi wa wadi yenu, maana bunge la kaunti nalo hutunga sheria za masoko, maji na shule za chekechea, na huko macho ni machache zaidi. Andika jina la mswada, unataka nini, umefika hatua gani na kwa tarehe gani. Na siku ya kupiga kura, andika kama mwenyewe alikuwapo. Daftari la kurasa 96 latosha.