Tucheze Kwanza, Ndipo Tuhubiri Haki

Kila frateri anayesoma Mafundisho Jamii ya Kanisa anaifahamu Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891. Ataueleza vizuri kwenye mtihani. Lakini je, ataukumbuka siku atakapokuwa paroko, ameketi na halmashauri ya walei wakipanga mchango ambao mjane hawezi kuutoa? Sisi tunaona mhadhara peke yake hautoshi. Tunapendekeza mchezo.

Mwaka 1969, Mmarekani R. Garry Shirts alibuni mchezo uitwao StarPower, ambao hutumika vyuoni. Wanafunzi hupewa vipande vya rangi vyenye thamani tofauti, hubadilishana, kisha hupangwa katika makundi matatu kulingana na pointi zao: Miraba juu, Miduara katikati, Pembetatu chini. Wasilolijua ni kwamba mgawo hauko sawa. Miraba huendelea kupewa vipande bora, nao hudhani wameshinda kwa akili zao. Baadaye Miraba huruhusiwa kutunga kanuni za mchezo, na mara nyingi hutunga za kujilinda. Wa chini hulalamika, hufanya hila, au hukata tamaa na kuacha kucheza.

Hapo ndipo somo lilipo. Aliyekuwa Mraba huona jinsi ilivyo rahisi kudhani kwamba bahati yake ni juhudi yake. Aliyekuwa Pembetatu hutambua kwamba ukimya wa mnyonge si uvivu, wala si ukosefu wa imani.

Wapo watakaosema michezo ni ya watoto na ratiba ya seminari imejaa. Kuhusu ratiba, wana haki. Lakini mafrateri hufanya mazoezi ya kuadhimisha Misa kabla ya upadrisho, na hakuna anayeyaita utoto. Kwa nini tusifanye pia mazoezi ya kuwa na madaraka?

Sharti ni moja: mchezo usiishie kwenye kicheko. Mlezi atenge muda wa kutosha ili kila mmoja aseme alichotenda na alichohisi, la sivyo tutaondoka na kinyongo tu. Alasiri moja kwa mwaka inatosha kuanzia. Tena tuwaalike viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wacheze nasi, kwa maana kanuni zetu za kesho zitawaangukia wao. Ni heri tuonje uzito wake sasa, kabla hatujakabidhiwa parokia.