Diski za bei nafuu zatosha, mradi nakala zisikae chumba kimoja

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, na taasisi za ukanda wa Ziwa Victoria zina kila sababu ya kulitafakari jambo hili.

Huko Kisian, nje kidogo ya Kisumu, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na washirika wake walianza mwaka 2001 kufuatilia afya ya maelfu ya wakazi wa Siaya. Hospitali za kaunti nazo zimekuwa zikihamisha rekodi kutoka kwa makaratasi. Swali ni moja: terabaiti nyingi zitanunuliwaje kwa fedha kidogo?

Wauzaji huanza na kiolesura, yaani njia inayounganisha diski na kompyuta. SATA, iliyozinduliwa 2003, ndiyo nafuu. SAS ni ghali na hupendwa na wenye seva kubwa.

SATA ya kizazi cha tatu hupitisha megabaiti 600 hivi kwa sekunde, na SAS ya gigabiti 12 hupitisha maradufu. Lakini diski ya kawaida yenye sahani zinazozunguka haifikishi hata megabaiti 300. Barabara pana haiongezi mwendo wa mkokoteni.

SAS ina manufaa yake. Kila diski ina milango miwili, hivyo njia moja ikikatika nyingine hubaki. Huduma isiyoweza kusimama hata dakika moja yaihitaji. Kumbukumbu zisomwazo mara chache haziihitaji. Isitoshe, kidhibiti cha SAS hukubali diski za SATA, ilhali cha SATA hakikubali za SAS. Anayenunua kidhibiti cha SAS na diski za SATA hajajifungia mlango wa kesho.

Hatari kubwa iko kwingine. Ukanda huu ni mashuhuri kwa radi, na umeme hupotea ghafla. Mei 2020 ziwa lilipanda likaipita rekodi ya 1964, likameza nyumba na biashara ufuoni. Maji hayabagui SATA wala SAS.

Diski ya terabaiti 20 ikiharibika, kujaza mpya kwa kasi ya megabaiti 250 huchukua takriban saa 22, na katika muda huo nyingine yaweza kufa. Kwa hiyo, katika diski sita za aina hiyo, ni busara nafasi ya mbili itengwe kwa kinga. Zitabaki terabaiti 80 za kutumia.

Hata hivyo, kinga hiyo si nakala. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu aweze kuzirejesha baada ya ajali. Basi fedha zitakazookolewa kwa kuchagua SATA zinunue betri ya dharura, kinga ya radi na nakala ya pili mbali na ufuo, tuseme Kakamega au Eldoret. Mgonjwa ambaye rekodi zake zimepotea hatauliza zilihifadhiwa kwa diski ya aina gani.