"Kayamalizeni nyumbani": Kibaha na Kisarawe tunachanganya talaka na kipigo

Wadau, mimi naishi Kibaha na wajomba zangu wako Kisarawe, kwa hiyo haya siyasemi kwa kusimuliwa. Mwanamke akipigwa, iwe Maili Moja au Maneromango, kinachofuata ni kikao. Wazee wanakaa, anaitwa shehe au mchungaji, mume anasema "nimekosa", soda zinanywewa. Mama anarudi nyumba ile ile kwa mtu yule yule. Akithubutu kwenda polisi, anaambiwa kawaaibisha watu.

Tatizo ni kwamba watu wamechanganya mambo mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwenye mazingira machache. Sawa, lakini hiyo ni talaka! Kipigo ni jinai. Hakuna mahali panaposema uliyevunjwa mkono usubiri kikao cha ukoo ndipo uende kituoni.

Tena sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake hata kama mila inaruhusu. Mwaka 1971, jamani! Ubovu wake ni kwamba kifungu hakitaji adhabu, ndiyo maana kesi hufunguliwa kwa makosa ya shambulio au kudhuru mwili chini ya Kanuni ya Adhabu.

Na msidhani ni wanaume tu wanaotetea kipigo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 58 katika kila 100 wanakubali mume kumpiga mke kwa angalau sababu moja, mfano kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume walikuwa 40. Binti aliyefundwa kwamba siri ya ndani haitoki nje, unategemea ajibu nini?

Halafu kuna wasiopigwa kabisa. Simu inakaguliwa kila usiku, hela ya genge inachukuliwa yote, kwenda kwao mpaka kibali, matusi mbele ya watoto. Hao wanaambiwa "si hakupigi, shukuru". Wakati kifungu cha 107 kinautambua ukatili wa akili sawa na wa mwili kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Sasa dada yako au jirani akikwambia, usimpigie mume simu "kumweka sawa". Unamchongea. Wala usimlazimishe aondoke usiku huo huo, maana kuondoka ndipo mara nyingi hatari huzidi. Msikilize, umuulize anataka nini. Akikubali, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto polisi, achukue PF3 (haiuzwi, ukidaiwa hela gomeni), kisha hospitali, Tumbi au ile ya wilaya Kisarawe, daktari aijaze. Kama kuna mtoto anayeumizwa, 116 ni bure. Picha za majeraha mtumie barua pepe mume asiyoijua. Hilo nyinyi wa kafe mnaliweza kuliko shangazi zenu.

Kinachonisumbua zaidi ni nauli. Aliyeko Vikumburu, na hela zote anashika mume, anafikaje Kisarawe mjini? Vikao vya harusi tunachanga mpaka kwa M-Pesa. Bodaboda ya huyu mama nani anaichangia?