Wa Kwanza Kati ya Wangapi?

Mwezi Novemba mwaka jana nilipigiwa simu na mwalimu wa taaluma wa shule anayosoma binamu yangu, kidato cha sita. Sikuwa namfahamu. Namba yangu alipewa na binamu mwenyewe, kwa maelezo kwamba "dada yuko chuo, atajua." Nikamwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Binamu anaomba nafasi ya kusoma Marekani, na katika fomu ambayo shule ndiyo inayoijaza kuna sehemu inauliza mwanafunzi huyu ameshika nafasi ya ngapi darasani, na darasa lina watu wangapi.

"Sasa binti," akasema, "hii kitu hawa watu wanaiangalia kweli, au niandike tu wa kwanza tumalizane?"

Binamu yangu ni wa 9 kati ya 64.

Nikamwomba anipe siku mbili. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Hapa kwetu mtu akishavuka geti la chuo hakuna anayemuuliza alikuwa wa ngapi sekondari. Wanauliza una divisheni gani, kombi gani, pointi ngapi, basi. Nikaacha madesa pembeni nikaanza kusoma kuhusu udahili wa Wamarekani, na siku mbili zikawa wiki.

Jibu la swali la mwalimu ni refu kuliko alivyotaka. Kwa vile vyuo vyao vigumu vya binafsi, Harvard na wenzake, nafasi ya darasani peke yake haikuingizi. Shule nyingi za sekondari kule, hasa za binafsi na za mitaa yenye uwezo, zimeacha kabisa kupanga wanafunzi kwa namba, na fomu inaruhusu shule kusema kwamba haipangi. Ukiwa na darasa la watoto 200 ambao karibu wote wana alama za juu, yule wa 60 anaonekana mbovu kwenye karatasi wakati ni kipanga kamili. Wazazi wakalalamika, shule zikafuta namba. Chuo kinabaki kuangalia alama, ugumu wa masomo aliyochagua, na maelezo ya shule yenyewe ilivyo. Lakini usidanganyike. Ukitazama takwimu ambazo vyuo hivyo vinatoa vyenyewe, kati ya waliodahiliwa ambao shule zao bado zinapanga nafasi, wengi mno wametoka sehemu ya kumi ya juu ya madarasa yao. Kwa hiyo kuwa juu hakukupi nafasi, ila kuwa chini sana kunawafanya waulize kulikoni.

Binamu na namba yake 9 ya 64 yuko nje kidogo ya hiyo sehemu ya kumi. Nilipiga hesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Kilichonikamata zaidi ni Texas. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Hopwood, ilivikataza vyuo vya jimbo hilo kuangalia rangi ya mwombaji. Watu wakaogopa kwamba Weusi na Walatino watapotea vyuoni. Mwaka 1997 bunge la jimbo likapitisha sheria ambayo gavana George W. Bush aliitia saini: mwanafunzi yeyote aliyemaliza katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, katika shule yoyote ile, ana haki ya kuingia chuo kikuu chochote cha umma cha Texas. Iwe shule ya Houston yenye bwawa la kuogelea au shule ya kijijini jirani na mpaka wa Mexico. Haulinganishwi na mtoto wa shule nyingine. Unalinganishwa na waliokaa na wewe kwenye madawati yaleyale, wakafundishwa na walimu walewale.

Watu waliitikia mpaka Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin kikazidiwa. Mwaka 2009 bunge likakiruhusu kuweka ukomo, kwamba wanaoingia kwa mlango huo wajaze asilimia 75 ya nafasi za wanafunzi wapya wa jimbo. Ndiyo maana pale kigezo kimekuwa kikipanda: kwa walioanza 2019 ilibidi uwe katika asilimia 6 ya juu, kwa wanaoanza 2026 ni 5.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ilikuwa ileile ambayo ungeisikia hapa kantini: hao wa shule mbovu watadisko. Wachumi watatu, Sandra Black, Jeffrey Denning na Jesse Rothstein, walifuatilia jambo hilo. Waliona kwamba wanafunzi walioingizwa Austin na sheria hii, kutoka shule ambazo zamani hazikuwa na mazoea ya kupeleka watu pale, walinufaika: walimaliza masomo kwa wingi zaidi na kipato chao baadaye kilipanda. Na wale wa shule kubwa waliosukumwa nje hawakuonekana kuumia, kwa sababu walienda vyuo vingine vizuri wakaendelea na maisha yao.

Hapo ndipo nilipoacha kumfikiria binamu nikaanza kujifikiria mwenyewe.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Kidato cha nne, shule ya kata, wa kwanza kati ya 112. Ukisikia hivyo utafikiri nilipata divisheni one ya pointi 7. Nilipata two ya 20. Mwalimu wa Hesabu tulikuwa naye kidato cha kwanza, akahamishwa, na hatukupata mwingine mpaka tunamaliza. Maabara ilikuwa na meza na sinki lisilo na bomba. Nikapangiwa kidato cha tano shule ya bweni mkoa mwingine, kombi ya HGL, na mtihani wa kwanza wa muhula nikawa wa 58 kati ya 71. Kichwa kilikuwa kilekile. Nililia siku mbili, halafu nikapiga msuli, nikamaliza nikiwa wa 22, na leo niko mwaka wa tatu na sijawahi kushika sup. Nasema hivi si kwa kujisifu (sawa, kidogo). Nasema kwa sababu kati ya namba zote nilizowahi kupewa, ile two ya 20 ilieleza shule yangu. Namba moja ndiyo iliyonieleza mimi.

Sasa kuna wa pili. Kwa miaka minne tulikuwa tunapokezana nafasi ya kwanza, na kwenye moko alinizidi. Alipata three ya 25. C zake tatu zilikuwa Kiswahili, Uraia na Biolojia, na hazikuunda kombi yoyote. Hesabu alipata D. Ile D ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa ya Hesabu katika shule nzima mwaka ule. Naomba urudie hiyo sentensi. Mtoto asiye na mwalimu kwa miaka mitatu, aliyejifundisha kwa daftari la kaka yake, akaongoza shule, na mfumo ukasoma D. Leo ana kibanda cha miamala ya simu karibu na stendi, anatoa chenji bila kikokotoo, na jioni watoto wa mtaa wanapanga foleni na daftari zao za hesabu. Nikirudi likizo huwa napita kumsalimia. Ananiita "msomi" na mimi sijui nitazame wapi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nafasi ya darasani inapaswa kuwa na uzito kwetu, ila tukiiga Texas kama ilivyo tutakosea mlango. Kule mtoto anasoma sekondari ya mtaani kwake mpaka mwisho, kwa hiyo nafasi yake ya mwisho bado inabeba mazingira yake. Hapa kidato cha tano TAMISEMI inawachanganya watu kutoka nchi nzima. Kuwa wa 22 katika shule yangu ya bweni hakumwambii mtu chochote kuhusu nilikotoka. Nafasi yenye maana ni ya kidato cha nne, na mlango unaowapoteza watu ni ule wa kwenda cha tano. Kufikia chuoni, ambako kiwango cha chini ni pointi 4 za masomo mawili na kozi zinazogombaniwa zinajazwa kuanzia juu kushuka chini, wa pili wangu alikuwa ameshapotea zamani.

Watengeneze fungu dogo la nafasi za kidato cha tano kwa ajili ya wale walioongoza shule zao, hata kama kombi imepungukiwa C moja. Na kwa kozi za chuo ambazo watu kibao wanafungana pointi, nafasi ya kidato cha nne iwe kitu cha kutazamwa kabla ya kufunga orodha. NECTA ina matokeo ya kila shule mezani kwake. Inaweza kuhesabu yenyewe nani aliongoza wapi bila kumuuliza mwalimu wa taaluma yeyote, na tumeshaona kwa nini asiulizwe.

Najua mtakachosema, kwamba Januari 2023 NECTA ilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja kumi bora, na wengi tulishangilia. Mimi nilishangilia pia, na sijabadilika. Kumi bora ilikuwa inalinganisha seminari na shule yenye sinki lisilo na bomba, halafu shule zinatumia matangazo yale kupandisha ada. Ninachotetea ni kinyume chake. Wala sitetei kusomwa nafasi paredi, mtoto wa mwisho akisimamishwa mbele za watu. Niliyaona hayo, na nilikuwa napigiwa makofi huku rafiki zangu wakiinamisha vichwa. Namba ikae kwenye faili.

Watu watacheza nayo, hilo sikatai. Huko Texas watafiti walikuta baadhi ya wanafunzi wakichagua shule zenye ushindani mdogo ili wapate nafasi nzuri. Hapa mzazi wa mjini atamhamishia mwanae kijijini kidato cha nne muhula wa pili. Sharti la kuwa umesoma hapo tangu kidato cha kwanza litapunguza hilo kwa kiasi kikubwa. Na mzazi akimpeleka mwanae shule ya kata kwa miaka minne ili apate nafasi, mimi sina ugomvi naye. Huenda siku moja atauliza mwalimu wa Hesabu yuko wapi, na yeye watamsikiliza.

Kinachonisumbua ni kingine. Mpango wa namna hii unafanya kazi kwa sababu shule hazilingani. Nahofia siku kiongozi fulani atasimama na kusema watoto wa kata wameshawekewa dirisha lao, kwa hiyo suala la walimu lisubiri bajeti ijayo. Texas nayo ilipewa lawama hiyo, kwamba sheria yao imejengwa juu ya shule zilizotengana na inahitaji zibaki hivyo. Sina jibu zuri. Najua tu kwamba wa pili wangu hakuwa na muda wa kusubiri bajeti, na wapo kama yeye kwenye kila shule ambayo matokeo yake tunayapitisha haraka kwenye simu tukitafuta ya kwetu.

Nilimpigia mwalimu nikamwambia aandike 9 kati ya 64, na kwenye sehemu ya maelezo aandike shule ina walimu wangapi wa sayansi na maktaba ina nini. Akanyamaza kidogo. Binamu alikuwa pembeni yake, nikamsikia: "Dada, si nitaonekana kilaza?"

"Sawa binti," mwalimu akasema, "naandika 9. Ila kuna wenzake wawili wa darasa hilohilo nimeshawaandikia wa kwanza, na zao zilishaenda."