Askari Asiye na Dini Naye ni Shujaa Wetu

Kila tarehe 25 Julai Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kwenye mnara wa kumbukumbu huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua. Kisha viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, huwaombea wale waliojitoa mhanga kwa ajili ya nchi. Tunashukuru kwamba Taifa letu halioni haya kusali hadharani. Hata hivyo, adhimisho hilo linazua swali linalostahili kujibiwa: je, askari aliyekufa bila kumkiri Mungu anastahili heshima hiyo, na anastahili sala zetu? Tunasema anastahili vyote viwili: heshima kwa sababu ni haki yake, na sala kwa sababu ni wajibu wetu wa upendo.

Tuanze na haki. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, nayo ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya imani. Sheria ya viapo humruhusu hata shahidi asiye na imani ya dini kutoa uthibitisho mahakamani badala ya kuapa. Mwananchi huyo, basi, anatambuliwa na sheria za nchi, hata kama vijijini kwetu ni vigumu mtu kutamka mbele ya ukoo wake kwamba haamini.

Tukumbuke Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi yetu mwaka 1978, Amiri Jeshi Mkuu alikuwa Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki. Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo, Mwislamu. Chini yao walipigana askari wa JWTZ pamoja na makumi ya maelfu ya wanamgambo kutoka mikoani, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Watu hao waliitwa kwa uraia wao, si kwa ubatizo wao. Wengi wa waliofia vitani wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na uhuru walioulinda tunaufaidi sote bila kubaguliwa kwa dini. Si haki, basi, kuwabagua katika shukrani.

Hapa Singida tunalo somo la karibu zaidi. Uwanja wetu wa mpira, uliojulikana zamani kama Namfua, leo unaitwa Liti, kwa jina la mwanamke wa Kinyaturu aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yanasema nyuki walikuwa silaha yake. Liti hakuwa Mkristo wala Mwislamu. Hatuwezi kumwita mkanamungu, maana wazee wetu walimjua Muumba kabla ya wamisionari kufika. Wala hatuna ruhusa ya kumbatiza baada ya kifo chake. Tunamheshimu kama alivyokuwa. Ikiwa tumeweza hivyo kwake, tutashindwaje kwa kijana wa leo aliyevaa sare ya jeshi na kusema kwa unyofu kwamba hajaweza kuamini?

Katika nchi za Magharibi upo usemi kwamba ndani ya handaki la vita hakuna asiyeamini Mungu. Waamini wengine huupenda, wakidhani unaitetea imani. Sisi tunauona kuwa si wa haki. Wapo waliomgeukia Mungu vitani, na wapo walioipoteza imani hukohuko baada ya kuona maovu yasiyosimulika. Tena, imani inayotokana na hofu ya risasi pekee si ile ambayo Kristo aliitafuta kwa watu.

Kanisa linatufundisha njia bora zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, unaukataa ukanamungu waziwazi. Lakini unakiri pia kwamba waamini wenyewe, kwa mafundisho hafifu na mwenendo mbaya, huweza kuuficha uso wa Mungu. Na unawaalika wanaoamini na wasioamini kuijenga dunia hii pamoja. Hati hiyohiyo inawaita askari watumishi wa usalama na uhuru wa watu, mradi watimize wajibu wao kwa haki. Haisemi kwamba utumishi huo ni wa waamini peke yao.

Tufungue pia Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda alipokwenda kuwazika askari wake, alikuta ndani ya nguo zao hirizi za miungu ya uongo. Kitabu hakisemi kwamba kosa hilo lilikuwa dogo. Lakini Yuda hakuwaacha bila maombi: alichangisha fedha, akazituma Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili yao, kwa kuwa alitumaini ufufuko. Ikiwa waliokutwa na hirizi waliombewa, ni nani tutakayemnyima sala?

Huenda mtu akasema kwamba kwa namna hii tunaifanya imani kuwa kitu kisicho na maana. La hasha. Kumwombea mtu si kusema kwamba hakuhitaji imani. Ni kumkabidhi kwa Yeye anayeijua mioyo. Ndivyo Kanisa linavyofanya katika Sala ya Ekaristi ya Nne, linapowakumbuka wafu ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake. Sheria Kanoni namba 901 nayo inampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa nia ya mtu yeyote, awe hai au amefariki.

Kwa hiyo tunazisihi Jumuiya zetu Ndogo Ndogo mambo matatu. Kwanza, Novemba inapofika na tunapoandika majina ya marehemu wetu, tuwaandike pia askari wa ukoo au wa kijiji ambao hawakuwa wa dini yoyote. Pili, tunapowazungumzia tuseme kweli, bila kuwasingizia toba au ubatizo. Tatu, tuwatembelee wajane wao na maveterani waliobaki, kwa maana heshima inayoishia kwenye mnara haimlishi mtu.

Kabla ya kukomunika, katika kila Misa, tunatumia maneno ya akida wa Kirumi wa Kafarnaumu, askari aliyekuwa nje ya taifa la Israeli. Bwana aliistaajabia imani yake. Nasi tusiwe wepesi wa kuamua ni askari yupi yuko mbali na Mungu.